Namna ya kumuumba jasusi au mamluki wa katuni: anza na anayemlipa

Mwambie mchoraji kijana akubunie jasusi. Kesho yake atakuletea mtu wa miwani myeusi, koti refu na bastola mbili kiunoni. Anapendeza kweli. Sasa muulize: huyu bwana analipwa na nani? Hapo ndipo mnapoanza kutazamana.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika hadithi ya picha au tamthilia fupi yenye jasusi au askari wa kukodiwa. Mpangilio wake nimeugeuza makusudi: mlipaji anatangulia, bastola na koti vinafuata. Nitawatumia wahusika wanaojulikana duniani kama mifano, na kando yao tutamjenga mmoja wetu, wa kubuni kabisa. Tumwite Tausi.

Hatua ya 1: Mpate mlipaji

Chukua karatasi uandike majibu ya maswali matatu. Nani anamtuma? Anamlipa nini? Akikataa kazi, inakuwaje? Mawili ya kwanza ni ya kujaza fomu. Hadithi yenyewe imo katika la tatu.

Jasusi hutumwa na dola au shirika. Hata akimchukia bosi wake, nyuma yake kuna bendera, jalada na pensheni. Mamluki hutumwa na mkataba. Kazi ikiharibika hana wa kumlilia. Ukiuelewa mpaka huo utaona wahusika maarufu wamejengwa juu yake.

Mtazame Nick Fury wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa mwaka 1963 akiwa sajini wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha mwaka 1965 wakamhamishia kwenye shirika la kijasusi liitwalo S.H.I.E.L.D., wakati ambao sinema na televisheni za Magharibi zilikuwa zimejaa majasusi. Kila anachojivunia Fury, hata ile meli ya kivita inayoelea angani, ni mali ya shirika. Mnyang'anye shirika, anabaki mzee wa jicho moja mwenye sigara. Waandishi waliomrithi walilijua hilo, na kila wakitaka kumtikisa hulitikisa shirika kwanza.

Kwa maoni yangu, somo bora zaidi liko kwa Amanda Waller wa DC, kampuni pinzani ya Marvel, aliyeingia kwenye katuni mwaka 1986. Hapigani, haruki ukuta, hana nguvu za ajabu. Ni mama wa makamo mwenye mwili wake na ofisi yake, anayewatoa wahalifu gerezani na kuwapa kazi chafu za serikali ya Marekani kwa ahadi ya kupunguziwa kifungo. Katika mfululizo wa *Suicide Squad* ulioanza mwaka 1987 na kuandikwa na John Ostrander, wahalifu hao huvishwa bangili za baruti. Ukikataa unarudi jela, ukitoroka mkono unalipuka. Msomaji hahitaji kurasa kumi za kuelezwa kwa nini watu hawa wanakwenda kufa wasikokujua.

Televisheni ilipata njia fupi zaidi. *Mission: Impossible* ya kituo cha CBS cha Marekani, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1966 hadi 1973, hufungua sehemu zake nyingi kwa kanda ya sauti. Kanda inaeleza kazi, inaonya kwamba majasusi wakikamatwa au wakiuawa wakubwa watakana kuwajua, kisha inajiteketeza. Chini ya dakika mbili, maswali yote matatu yamejibiwa.

Sasa Tausi. Ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 34. Anatumwa na ofisi ndogo ya serikali isiyo na kibao mlangoni. Halipwi fedha. Kaka yake ana kesi, na kila Tausi anapofanya kazi vizuri jalada la kaka linabaki kabatini. Akikataa, linatolewa. Bado hatujui hata sura yake, lakini tayari ana tatizo.

Hatua ya 2: Andika masharti yake

Mhusika wa kukodiwa asiye na masharti ni jambazi tu. Masharti ndiyo yanayozaa matukio.

Wajapani wana Golgo 13, muuaji wa kukodiwa aliyebuniwa na Takao Saito mwaka 1968. Mwaka 2021 mfululizo huo ulivuka vitabu 200, na Saito alipofariki mwaka huohuo wasaidizi wake waliendelea nao. Golgo haongei sana, hazeeki, na yaliyomo moyoni mwake hatuelezwi. Kinachomshikilia miaka yote hiyo ni sheria zake. Mtu asimjie kwa nyuma. Hampi mtu mkono wa kulia, maana ndio anaofyatulia risasi. Mteja asimdanganye. Mteja akidanganya katika ukurasa wa tatu, msomaji anaanza kumhurumia hapohapo, na mwandishi hajaandika neno hata moja la kutisha.

Deathstroke naye, ambaye jina lake halisi ni Slade Wilson, mamluki wa DC aliyeletwa na Marv Wolfman na George Pérez mwaka 1980, alinaswa na mkataba usio wake. Kundi la H.I.V.E. lilimtaka awamalize Titans, kundi la mashujaa vijana, akakataa. Mwanawe Grant akaichukua kazi, akafa kabla ya kuimaliza, na baba akajikuta ameirithi. Kwetu pwani, kabla watu hawajatawanyika makaburini, familia hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Msomaji wa Tanga au Lamu hahitaji kufafanuliwa kwa nini Slade Wilson anaibeba kazi ile. Ukipata sharti la namna hiyo, ambalo watu wako wanalijua kutoka maishani mwao, ling'ang'anie.

Deadpool, mamluki wa Marvel mwenye maneno mengi aliyetokea mwaka 1991, huigwa kuliko wote na ndiye mgumu kuliko wote kuigwa. Ucheshi wake umesimama juu ya jambo moja: anajua kwamba yumo ndani ya katuni. Ukichukua domo bila kuchukua hilo, unabaki na mlopokaji mwenye mapanga mawili.

Zoezi la hatua hii: andika mambo matatu ambayo mhusika wako hatayafanya kwa bei yoyote, kisha andika bei ya yale atakayoyafanya. Bei ilingane na kitu ambacho msomaji anakipima kila siku, kama ada ya mwaka ya mtoto, pikipiki au kiwanja cha pembeni ya mji. "Mamilioni ya dola" haimgusi mtu. Tausi hatafungua barua ya mtu, hatashika silaha, na hatamtaja mtoto yeyote kwenye ripoti. Tutaona ni lipi kati ya hayo litavunjwa kwanza.

Hatua ya 3: Mpe kazi ya kufichia, na uijue kazi hiyo vizuri

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na ndipo wengi wanapopapita mbio.

Tamthilia ya *The Americans*, iliyoendelea kwa misimu sita kuanzia mwaka 2013 hadi 2018, inawahusu majasusi wawili wa Kisovieti wanaoishi kitongojini karibu na Washington kama mume na mke, miaka ya 1980. Wana watoto wawili na ofisi ya uwakala wa usafiri. Aliyeibuni, Joe Weisberg, aliwahi kufanya kazi CIA. Sehemu nzuri za tamthilia ile mara nyingi hazina risasi: mtoto ana maswali, jirani wa FBI amekuja na chupa ya bia, mteja anataka tiketi. Kazi ya kufichia inakula muda wa kazi ya siri, na siri inakula familia.

Kwa hadithi ya hapa kwetu, tafuta kazi inayomruhusu mtu kupita pengi bila kuulizwa. Dereva wa lori la masafa marefu anatoka Dar, anavuka Tunduma, anaingia Lubumbashi, na hakuna anayeshangaa akikaa mpakani siku tatu. Fundi simu wa Kariakoo anashika simu za watu zikiwa wazi. Nahodha wa jahazi anazijua bandari bubu. Mpambaji maharusi anaingia nyumba za wakubwa na kuzunguka hadi chumbani. Ukishachagua, nenda ukakae na mwenye kazi hiyo, uulize anabeba nini mfukoni, analipa wapi kitu kidogo, analalamikia nini. Tausi anapojaza nyaraka za kontena, mtu wa bandarini akisoma aseme, "huyu aliyechora anajua."

Kisha jiulize nani atamgundua. Waandishi wengi humleta jasusi mwingine mwerevu zaidi, lakini historia ya eneo letu la bahari ina jibu zuri kuliko hilo. Tarehe 25 Novemba 1981 kundi la mamluki likiongozwa na Mike Hoare, yuleyule aliyepigana Kongo miaka ya 1960, lilitua kisiwa cha Mahé, Shelisheli, kwa ndege ya Royal Swazi. Walikuja kuipindua serikali wakijifanya wanachama wa klabu ya wanywa bia walio likizoni. Ndani ya mabegi kulikuwa na bunduki chini, na juu vitu vya kuchezea watoto. Mmoja wao akaingia foleni ya wenye vitu vya kukaguliwa. Afisa wa forodha akafanya kazi yake ya kila siku, akapekua, bunduki ikaonekana. Uwanja ukageuka medani ya vita, na Hoare na wengi wa watu wake wakaishia kuiteka ndege ya Air India iliyokuwa imetua pale, wakaenda nayo Durban. Mpango ule mzima uliangushwa na mtu wa kaunta. Mpe mtu wa kaunta nafasi katika hadithi yako: karani, konda, mama lishe, mlinzi wa geti.

Na kwa kuwa tumefika kwa mamluki halisi, kuna jambo la kupima. Katika televisheni ya Marekani askari wa kukodiwa anaweza kuwa kipenzi cha watoto, kama wale wanne wa *The A-Team* ya mwaka 1983 hadi 1987, wanaofyatua maelfu ya risasi na karibu hakuna anayekufa. Huku kwetu neno mamluki lina uzito mwingine. Wakomoro, jirani zetu wa lugha na wa bahari, waliishi na Bob Denard, mamluki wa Kifaransa, kuanzia mapinduzi ya mwaka 1975. Aliwarudia mwaka 1978, akaoa, akasilimu na kujiita Said Mustapha Mahdjoub, akashika kikosi cha walinzi wa rais kwa miaka mingi, akaondolewa mwaka 1989, kisha akajaribu tena mwaka 1995. Nchi za Afrika zilipitisha mkataba wa kupiga marufuku umamluki huko Libreville mwaka 1977. Kwa hiyo ukimtaka mamluki wako apendwe, lifanyie kazi hilo. Usidhani koti la ngozi litatosha. Na ukimtaka adui mwenye kina, mamluki asiyeondoka, aliyeoa na kualikwa harusini, anatisha kuliko anayeshuka kwa parashuti.

Hatua ya 4: Sasa mchore

Mpake wino mweusi mwili mzima, umpunguze hadi ukubwa wa ukucha. Anatambulika? Wasomaji wengi watamwona kwenye simu, basi kipimo hicho si mchezo. Deathstroke ana kinyago cha nusu mbili zenye rangi tofauti, na moja tu ina tundu la jicho. Majasusi wawili wa Antonio Prohías, Mkuba aliyekimbilia Marekani na kuanza kuwachora katika jarida la *Mad* mwaka 1961, wametofautiana kwa rangi tu: mmoja mweupe, mwingine mweusi, pua zao ndefu zilezile. Hakuna msomaji aliyewahi kuwachanganya.

Wazee wetu walikuwa na Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, jarida la *African Film* la kampuni ya Drum lilisimulia visa vyake kwa picha za kamera zenye maneno, likauzwa Afrika Mashariki na Magharibi. Tanzania Bara haikupata televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo picha za namna ile zilikuwa ndiyo sinema ya kubeba mkononi. Kofia ya panama, tai ya kipepeo, sigara nene. Vitu vitatu tu, na ukimwona mtu kavaa hivyo mtaani unajua anamwiga nani.

Kitu kimoja kinatosha kwa Tausi: kalamu aliyoichomeka kwenye nywele juu ya sikio. Ni ya kazi, haimpi sura ya jasusi, na kwa umbali inaonekana.

Hatua ya 5: Adui

Mpitishe kwenye maswali yaleyale matatu ya mwanzo. Adui asiyelipwa na mtu, anayetaka kuitawala dunia kwa sababu tu anapenda kucheka kwa sauti, muachie mwingine. Adui wa Tausi ni wakala mwenzake wa bandarini, naye ana jalada kabatini.

Hatua ya 6: Chora mahali kabla ya kuchora mapigano

Kabla ya tukio lolote la kuvizia au kukimbizana, chora ramani ya mahali kwa ajili yako mwenyewe: mlango, ngazi, geti, taa, mbwa. Kisha toa fremu moja pana inayomwonyesha msomaji vitu hivyo kabla vurugu haijaanza. Asipojua geti liko wapi, hatashtuka likifungwa.

Punguza maneno. Mwaka 1968 mchoraji Jim Steranko alilifungua toleo la kwanza la jarida la Nick Fury kwa kurasa za kupenya ngome zisizo na neno hata moja. Prohías ndiye aliyezoea kabisa kutosema: mtego unategwa, mwingine anauona, unamgeukia aliyeutega, vyote kwa picha. Zoezi zuri ni kuchora kisa cha Tausi cha fremu sita bila kiputo chochote cha maneno. Kama rafiki yako hawezi kukusimulia kilichotokea, tatizo liko kwenye mchoro, na maneno yatalificha tu.

Kwa tamthilia, kinachobana si karatasi bali saa na bajeti. *24*, iliyoanza mwaka 2001, ilifanya kila sehemu iwe saa moja ya siku moja, na saa ya kidijitali ikawa mhusika. Huna fedha za helikopta? Weka muda: kontena linatoka getini saa kumi na mbili jioni, na sasa ni saa kumi. Na ukitaka kupiga picha bandarini, mpakani au kwenye uwanja wa ndege, tafuta kibali mapema. Sare halisi za jeshi ziache kabisa. Ofisi ya kubuni yenye nembo ya kubuni inakupa uhuru zaidi, na hakuna atakayekuita kukuhoji.

Hatua ya 7: Aongee kama mtu wa kwao

Jasusi wa Kiswahili huharibika mara nyingi mdomoni. Anaongea kama maandishi ya chini ya filamu: "Wakala Saba, kazi yako, kama utachagua kuikubali…" Hakuna mzee wa Dar anayempa binti kazi ya hatari namna hiyo. Angesema hivi:

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kaka yako hajambo?

— Hajambo, mzee.

— Tumwombe Mungu abaki hivyohivyo. Kuna mzigo wa kesho.

Tishio lote limekaa ndani ya kujuliana hali. Heshima ni silaha nzuri mno kwa mwandishi wa kijasusi, kwa sababu mdogo hawezi kumkatiza mkubwa, na kila mtu mezani anaendelea kutabasamu. Itumie pia kumfichua mtu: mgeni anayejifanya mwenyeji wa mji wa pwani halafu akawapita wazee barazani bila salamu, amekwisha. Lafudhi nayo inafanya kazi hiyo. Anayejidai kazaliwa Tanga kisha akasema "niko naenda" ameacha alama ya Lubumbashi, na msikilizaji makini atamgeukia.

Hatua ya 8: Panga siku ya kukataa

Hadithi nyingi za jasusi na mamluki zenye uzito zina siku mhusika anaposema hapana. *The Prisoner* ya Uingereza, ya mwaka 1967 hadi 1968, ilianzia hapo kabisa: jasusi anajiuzulu, anatekwa, anapelekwa kijiji kizuri kisicho na njia ya kutokea, na kwa sehemu 17 anaulizwa kwa nini aliacha kazi. Wewe si lazima uanze na siku hiyo, lakini ijue kabla ya kuchora fremu ya kwanza, kwa sababu kila kitu kinaelekea huko.

Jaribio langu kwa Tausi lingekuwa la kurasa nane. Ukurasa wa kwanza ni asubuhi ya kawaida bandarini, kalamu sikioni, hakuna siri. Wa pili ni mazungumzo ya pale juu na mzee. Wa tatu na wa nne ni kontena lenyewe: nyaraka, mihuri, wakala mwenzake anayemsaidia kupita kiasi. Wa tano hauna maneno; anafungua, anaona, msomaji hajaonyeshwa. Wa sita anaandika ripoti na kufika mahali pa jina la mtoto. Wa saba ni mlinzi wa geti, anayemjua tangu zamani, akimuuliza swali la kawaida ambalo leo si la kawaida. Wa nane ripoti inafika kwa mzee ikiwa na mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu, na mzee ananyanyua funguo za kabati.

Chora kwanza kwa penseli, michoro ya vijiti inatosha, umpe mtu asiyependa katuni aisome. Akikwama popote, rekebisha mpangilio wa fremu kabla ya kuongeza maelezo. Na usiitoe sehemu ya kwanza mpaka ya pili na ya tatu ziwe zimekamilika, maana hadithi ya kijasusi ikikatika katikati, mwezi ukipita msomaji hakumbuki tena nani alikuwa anamficha nani.